Kiuno kinauma, wanasema nyonga imehama: ufanye nini, hatua kwa hatua

Mtu akilalamika kiuno huku kwetu Mbeya hachelewi kupewa majibu. Jirani atasema ni figo. Duka la dawa muhimu watamwuliza kama haja ndogo inachoma, kisha wampe dawa za UTI hata akijibu hapana. Mkandaji atambonyeza makalio mara mbili tatu na kutangaza kwamba nyonga imehama. Siku hizi limeongezeka jibu la kwenye simu: video za kairopraktika, yaani mtaalamu anayetibu kwa kusukuma viungo vya mgongo kwa mikono, wa Ulaya au Marekani anayemkunja mtu kiuno, mifupa inalia, mgonjwa anainuka anacheka.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kujua aanzie wapi kati ya hayo yote. Msimamo wangu nausema mapema. Fupanyonga, lile duara la mifupa chini ya kiuno, lina uhusiano na maumivu ya kiuno, ila mara chache sana ni kwa sababu mfupa umehama unasubiri kurudishwa. Kinachosumbua zaidi ni namna nyonga inavyotumika, mzigo inaoubebeshwa, na misuli inayoishika. Kairopraktika anaweza kukupunguzia maumivu, na bado maelezo yake kuhusu alichokifanya yakawa si sahihi.

Hatua ya 1: Ondoa kwanza yale yasiyosubiri

Kabla hujamruhusu mtu akuguse mgongo, jiulize. Una ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, pale panapogusa tandiko la baiskeli? Mkojo umegoma, au unatoka bila wewe kujua? Haja kubwa inakuponyoka? Miguu yote miwili imelegea ghafla? Ukijibu ndiyo hata kwa moja tu, nenda hospitali leo hii, hata kama ni usiku. Pengine neva za mwisho wa uti wa mgongo zinabanwa, na zikikaa hivyo muda mrefu, kibofu na miguu huenda visirudi kama zamani.

Aliyeanguka kutoka kwenye mti, lori au bodaboda apigwe picha kwanza. Kadhalika mzee ambaye kiuno kimemkamata ghafla baada ya kuinua ndoo tu, maana mifupa iliyopungua uimara huvunjika kwa jambo dogo. Aliyewahi kuugua saratani na anayetumia dawa za steroidi muda mrefu nao waanzie kwa daktari.

Halafu kuna magonjwa mawili ambayo huku kwetu lazima yatajwe kwa majina.

La kwanza ni kifua kikuu. Hakikai kifuani peke yake. Kinaweza kuingia kwenye pingili za mgongo na kuzila polepole huku mgonjwa hakohoi hata kidogo. Maumivu hayapungui hata akilala. Jioni homa, usiku jasho, nguo zinaanza kumpwaya. Mwishoni hutokea nundu katikati ya mgongo, ndicho kibyongo. Mgongo wa namna hiyo ukisukumwa kwa nguvu, mtu anaweza kupooza. Dawa za kifua kikuu vituo vya serikali hutoa bure, kwa hiyo hakuna sababu ya kuanzia kwa mkandaji.

La pili ni brusela, inayopatikana kwa kunywa maziwa mabichi au kushika kondo la mnyama aliyetupa mimba. Vijidudu vyake hupenda sana kushambulia kiungo kinachounganisha uti wa mgongo na fupanyonga. Mfugaji wa Mbarali au Rungwe anaweza kuwa na homa inayokuja na kuondoka, jasho, uchovu, na maumivu makali upande mmoja chini ya kiuno. Kila atakayemshika hapo atasema nyonga imehama. Anachohitaji ni kipimo cha damu na antibiotiki za wiki kadhaa. Ukifuga au ukinywa maziwa yasiyochemshwa, mwambie daktari bila kusubiri aulize, kwa sababu wengi hawaulizi.

Na figo? Maumivu yake hukaa juu zaidi, ubavuni chini ya mbavu, na mara nyingi huja na homa, kutapika au mkojo wenye mabadiliko. Hayabadiliki sana ukiinama au ukijinyoosha. Ya kiuno hubadilika.

Hatua ya 2: Weka kidole kimoja panapouma

Simama, chukua kidole kimoja, gusa pale hasa. Watu wengi hupiga kiganja mgongo mzima na kusema "hapa hapa". Kidole kimoja kinakulazimisha kuchagua.

Kidole kikitua usawa wa mkanda wa suruali, katikati au pembeni kidogo, hayo ndiyo maumivu ya kiuno ya kawaida. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa nayo, na kwamba kwa takriban asilimia 90 hakuna ugonjwa mmoja wala jeraha moja linaloweza kuonyeshwa kuwa ndilo chanzo. Hiyo haina maana kwamba unajifanyisha. Maana yake ni kwamba misuli, viungo vidogo, usingizi mbovu, mawazo na kazi nzito vimechangia pamoja.

Kikitua chini ya mkanda, kwenye kile kishimo kidogo juu ya kalio, upande mmoja, shaka inakwenda kwenye kiungo cha sakramu (mfupa wa chini ya pingili za kiuno) na fupanyonga. Mwenye shida hapo huumia akigeuka kitandani, akishuka kwenye gari, au akisimama mguu mmoja kuvaa suruali. Aliyeanguka akatua kwa kalio, na mama aliyejifungua karibuni, ndio tunaowaona sana na hali hii.

Maumivu ya mbele, kwenye kinena paja linapoanzia, mara nyingi ni ya kiungo chenyewe cha paja na fupanyonga. Yanayoshuka nyuma ya paja, yakapita goti, yakafika kwenye kigimbi au vidole yakiwa na ganzi au vichomi ni ya neva, ndiyo watu huita sayatika. Kidole peke yake hakitoi uamuzi wa mwisho, lakini ukifika kwa mtaalamu na maelezo haya utakuwa umemwokolea nusu ya kazi.

Hatua ya 3: Ijue nyonga yako kabla hujaambiwa imehama

Fupanyonga ni duara la mifupa. Miwili mikubwa ya pembeni imeungana mbele kwenye kinena, na nyuma imeungana na sakramu, mfupa wa pembetatu uliotokana na pingili 5 zilizogandamana. Juu ya sakramu zimekaa pingili 5 za kiuno. Kwa hiyo fupanyonga likiinamia mbele, kiuno hubonyea ndani na makalio hutokeza. Likiinamia nyuma, kiuno hunyooka. Huo ndio uhusiano wa kweli, nao ni wa kawaida: unatokea kila unapokaa, kuinama au kupanda ngazi.

Kuhama ni habari nyingine. Kiungo cha sakramu hucheza nyuzi chache tu, milimita moja au mbili, na kimefungwa na kano ambazo ni kati ya zilizo imara kuliko zote mwilini. Kukosea hatua ukishuka kwenye daladala hakuwezi kukihamisha. Ajali kubwa ya gari inaweza, na mtu wa namna hiyo hatembei kwa miguu yake kwenda kukandwa. Mwaka 1998 watafiti wa Uswidi waliweka chembe za metali kwenye mifupa ya wagonjwa 10 walioambiwa kiungo hiki hakijakaa sawa, wakawapiga picha kabla na baada ya kusukumwa. Vipimo vya mikono vilisema mambo yamenyooka. Picha zilionyesha mifupa iko palepale.

Jipime mwenyewe. Simama ukiupa ukuta mgongo, visigino mbele kidogo ya ukuta, makalio na mabega vikigusa. Pitisha kiganja kati ya kiuno na ukuta. Kikipita kwa kubana, ni kawaida. Ngumi ikipita yote, fupanyonga lako limeinamia mbele. Sasa usianze kuogopa. Watu wengi wasio na maumivu yoyote wako hivyohivyo, na wapo wenye migongo iliyonyooka vizuri lakini kila asubuhi wanasaga meno.

Kinachosaidia ni hiki: ukiwa hapo ukutani, bana tumbo na usukume kiuno kiguse ukuta, kisha uachie kibonyee. Rudia mara kadhaa. Upi unapunguza maumivu, kukinyoosha kiuno au kukiachia kibonyee? Kumbuka jibu, utalihitaji kwenye hatua ya 5.

Suala la mguu mmoja kuwa mfupi lisikusumbue. Wengi wetu tuna tofauti ya milimita kadhaa na hatujui. Tofauti ikifika sentimita 2 hivi, imepimwa vizuri na si kwa kulinganisha visigino ukiwa umelala kitandani, hapo ndipo kuongezewa soli huwa na maana.

Hatua ya 4: Siku za mwanzo

Usilale siku nzima. Pumzika vipindi vifupi, kisha inuka utembee uani, hata hadi kwa jirani na kurudi. Ukilala, weka mto chini ya magoti ukiwa chali, au kati ya magoti ukiwa ubavu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa inasaidia, na kwa baridi ya Makete au Njombe mwezi Juni na Julai inasaidia maradufu.

Vidonge kama ibuprofeni na diklofenaki vinaweza kutuliza kwa siku chache, baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu, figo au ujauzito asivimeze bila kuuliza. Ule mtindo wa kudungwa sindano ya diklo kila Jumamosi ili uende shamba Jumatatu uache kabisa. Mikanda ya kiuno inayouzwa mitandaoni haina nafasi kubwa pia: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haupendekezi mikanda wala mashine za kumvuta mtu.

Hatua ya 5: Ifundishe nyonga kubeba

Tandika mkeka. Yote haya hayazidi robo saa, na hufanywa kila siku.

Anza chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Bana tumbo taratibu, ubonyeze kiuno mpaka kiguse mkeka, hesabu hadi 5, achia. Mara 10. Hilo ndilo lile zoezi la ukutani, ila sasa umelala. Kama ukutani ulipata nafuu kwa kunyoosha kiuno, litilie mkazo. Kama ulipata nafuu kwa kukiachia kibonyee, lifanye kidogo tu, kisha geuka ulale kifudifudi, uegemee viwiko dakika moja au mbili huku kiuno kimelegea.

Ukiwa bado chali, nyanyua makalio mpaka magoti, nyonga na mabega viwe mstari mmoja. Hesabu 5, shuka polepole. Mara 10. Ukihisi kazi yote inafanywa na kiuno, umenyanyua mno. Inayotakiwa kuchoka ni misuli ya makalio. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na zoezi hili ndilo ningelibakiza kama ningeambiwa nichague moja.

Kisha piga magoti na mikono chini. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, kiuno kisiyumbe, hesabu 5, badilisha. Mara 8 kila upande. Malizia kwa kupiga goti moja, mguu mwingine mbele, ukisukuma nyonga mbele mpaka uhisi mvuto juu ya paja la nyuma. Kaa hapo nusu dakika kila upande. Hili la mwisho ni la madereva, mafundi cherehani na wote wanaoshinda wamekaa.

Maumivu yakiongezeka kidogo wakati wa zoezi na kurudi hali yake kabla ya kulala, endelea. Yakikaa hadi kesho yake, punguza idadi. Yakianza kushuka mguuni zaidi ya mwanzo, acha na umwone mtaalamu.

Hatua ya 6: Rekebisha kazi, si mgongo peke yake

Mazoezi ya robo saa hayashindi kazi ya saa 8. Jembe la mpini mfupi linamkunja mtu mrefu siku nzima. Badilisha mpini, gharama yake ni ndogo kuliko sindano. Ukilima miinuko ya Uporoto au Kilolo, badilisha upande wa kusimama kila baada ya tuta, maana ukisimama mguu mmoja juu na mwingine chini tangu asubuhi, nyonga moja inafanya kazi ya mbili. Wanaopandikiza mpunga Usangu wasimame wima na kujinyoosha nyuma kila wanapomaliza fungu moja la miche. Msimamizi akinung'unika, anung'unike.

Ya lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, tuyaseme wazi. Sheria inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na bado Uyole, Kiwira na Makambako viazi vinaonekana vimefungwa kwa kofia juu ya gunia. Hata hizo 100 si mzigo wa mgongo wa mtu mmoja. Hakuna kairopraktika wala mazoezi yatakayomsaidia kuli anayerudi chini ya lumbesa kesho asubuhi. Wabebe wawili, au litumike toroli. Kama ni lazima uinue, sogea karibu na mzigo, sukuma makalio nyuma, nyonga ndiyo ikunjike kuliko kiuno, na usizunguke kiwiliwili ukiwa umebeba: geuza miguu.

Mama anayebeba mtoto mgongoni afunge kitenge juu, mtoto asining'inie kwenye makalio. Wa bodaboda ashuke kwenye pikipiki anaposubiri abiria, asikae juu yake mchana kutwa. Na msafiri wa basi la Dar es Salaam, kila basi likisimama, shuka. Hata kama huna njaa.

Mjamzito

Maumivu ya nyonga wakati wa ujauzito ni ya kweli na ni mengi, kwa sababu homoni hulegeza kano na uzito unaongezeka mbele. Geuka kitandani magoti yakiwa pamoja, vaa ukiwa umekaa, panda ngazi moja moja, gawa ndoo kubwa iwe ndogo mbili. Mkanda mpana wa chini ya tumbo unaweza kumsaidia yeye, tofauti na wengine. Maumivu yanayokuja na kuachia kwa mpangilio, maji au damu ni ya kwenda kliniki mara moja. Asikubali kukandwa tumbo.

Hatua ya 7: Ukiamua kwenda kwa kairopraktika

Tiba hii ilianzia Davenport, Iowa, Marekani, mwaka 1895, kwa mtu aitwaye D. D. Palmer, aliyeamini kwamba karibu magonjwa yote yanatokana na pingili zilizokaa vibaya. Imani hiyo haikusimama mbele ya vipimo. Kazi ya mikono yenyewe ndiyo iliyobaki na thamani: ule mwongozo wa 2023 unaitaja kusukuma viungo vya mgongo kuwa miongoni mwa tiba zinazoweza kutolewa kwa maumivu sugu ya kiuno, pamoja na mazoezi, elimu na kukandwa. Nafuu yake ni ya kiasi, inakaribiana na ya hizo nyingine. Ule mlio hautokani na mfupa kurudi mahali. Ni gesi inayojitokeza ndani ya ute wa kiungo.

Kairopraktika wa kweli amesoma chuo kikuu miaka 4 au zaidi. Kwa Afrika, masomo hayo yanatolewa Afrika Kusini, Durban na Johannesburg. Kwa hiyo ukiona kibao chenye neno hilo kwenye fremu ya duka, una haki ya kuuliza: ulisoma wapi, miaka mingapi, na usajili wako Tanzania uko chini ya baraza gani? Asiye na cha kuficha hatakasirika.

Kabla hajakugusa anapaswa kukuuliza yale ya hatua ya 1, kupima nguvu ya miguu na hisia za ngozi, kukueleza atakachofanya, na kupata ruhusa yako. Ikiwa una mifupa dhaifu, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, una saratani au maambukizi, au mguu unapoteza nguvu, kusukumwa kwa nguvu hakukufai, na yeye ndiye alitakiwa akuambie. Uchungu wa misuli kwa siku moja au mbili baadaye ni wa kawaida.

Ondoka ukiona anapiga eksirei kila anayeingia, anataka ulipie vipindi vya miezi mitatu kwa mkupuo, anakuambia usiporudi utapooza, au anaahidi kutibu kisukari, presha na ugumba kwa kunyoosha nyonga. Kubaliana naye mwanzoni kwamba baada ya wiki 4 mtapima: unainama hadi wapi, unatembea umbali gani, unalala vipi. Kama hakuna kilichobadilika, acha kulipa.

Wengi wenu hamtakuwa na kairopraktika karibu, wala si hasara kubwa. Mtaalamu wa fiziotherapia anafanya kazi ya mikono ileile anapoona inafaa, na anaongeza mazoezi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya wapo, na katika hospitali za mikoa uliza kitengo cha fiziotherapia au utengamao. Maumivu yakivuka wiki 6 bila dalili ya kupungua, mwombe daktari wa zahanati au kituo chako rufaa ya huko. Nenda na daftari ulilojiandikia mambo manne: kidole kilitua wapi, kama ukutani ulipata nafuu kwa kunyoosha kiuno au kwa kukiachia kibonyee, dawa ulizomeza, na kama nyumbani mnakunywa maziwa mabichi.